Wadudu, Buibui na Nyoka wa Kibenga: Historia Fupi ya Kutambua na Kutaja

Utangulizi

Kibenga ni mtaa ulioko kusini mwa mji wa Bujumbura, kati ya barabara iendayo Rumonge na maji ya Ziwa Tanganyika. Mji umekwisha kuufikia, lakini shamba halijauacha. Mtu atokaye nyumbani kwake hapo hakawii kukutana na matete ya ufukoni, migomba, mifereji iliyoota majani na mito ishukayo kutoka milimani. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, nyumba za kando ya ziwa ziliingiliwa na maji, na viumbe wa matetini wakasogezwa karibu na milango ya watu. Mahali kama hapo swali la "Huyu ni nani?" si swali la mchezo. Mzazi huliuliza akiwa ameshika taa mkononi; mwanafunzi humwuliza mwalimu wake akiwa ameleta kitu ndani ya chupa.

Mwalimu wa sayansi aweza kujibu kwa jina la Kilatini. Mwalimu wa Kiswahili naye anatazamiwa kujibu kwa jina la Kiswahili, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Twajua kwamba huyu ni nyoka na yule ni buibui. Zaidi ya hapo twasema "aina ya nyoka" au "aina ya mdudu", kama kamusi zetu zinavyosema mara nyingi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi viumbe hawa walivyotambuliwa na kupewa majina katika nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika na jirani zake. Dai letu ni moja tu: kumtambua kiumbe ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya darubini. Wageni walioandika vitabu waliongozwa na watu waliokuwa wakiishi na viumbe hao na ambao walikwisha kuwapa majina. Mahali ambapo majina hayo yalisikilizwa, maarifa yalisonga mbele upesi. Mahali ambapo hayakusikilizwa, watu waliumia.

Maneno tuliyo nayo

Mtoto wa Kibenga huanza na Kirundi, akaongeza Kiswahili cha sokoni na cha shuleni, kisha Kifaransa cha vitabuni. Kwake nyoka ni inzoka, nyuki ni inzuki, mbu ni umubu. Undugu wa maneno haya hauhitaji ushahidi mwingine. Hata samaki wadogo wa ziwa, ambao Bujumbura wanaitwa ndagala na Ujiji wanaitwa dagaa, waonyesha kwamba majina yalivuka maji pamoja na wavuvi. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili hapa haleti majina katika nchi isiyo na majina. Anayakuta, na wajibu wake wa kwanza ni kuyasikiliza.

Ama neno mdudu lenyewe, lina mambo mengi kuliko tunavyodhani. Methali husema, "Dudu liumalo silipe kidole." Methali hii haikuhesabu miguu ya dudu. Inatazama jambo moja, nalo ni kwamba linauma. Katika matumizi ya kawaida nzi ni mdudu, nge ni mdudu, tandu ni mdudu, hata mnyoo aweza kuitwa mdudu. Wazee walisema pia kwamba mtu ana mdudu wa kidole, maana yake kidole kimevimba na kutunga usaha. Na elimu ya afya ilipohitaji neno la viini vya maradhi visivyoonekana kwa macho, ilikwenda kwenye mlango huo huo ikatoa vijidudu.

Kitabu cha elimu ya viumbe, kwa upande wake, kina mpango mwingine. Mdudu wa kitabuni ana miguu sita na mwili wenye sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Buibui ana miguu minane na mwili wenye sehemu mbili, kwa hiyo si mdudu. Nge, kupe na papasi ni ndugu zake. Tandu na jongoo nao wana ukoo wao mbali. Hatusemi kwamba mpango mmoja ni wa kweli na mwingine ni wa uongo. Methali imepanga viumbe kwa hatari yao, na kitabu kimewapanga kwa maungo yao. Linalotakiwa ni mwalimu ajue anapotoka katika mpango mmoja na kuingia katika mwingine, naye awaambie wanafunzi wake wazi.

Baadhi ya majina hubeba hadithi ndani yake. Vunjajungu ni yule mdudu mrefu akunjaye mikono kama mtu aombaye. Alipewa jina hilo kwa sababu iliaminiwa kwamba mtu akimgusa, chombo cha kwanza atakachokishika baadaye kitavunjika. Jina hili halitufundishi lolote juu ya sumu, maana vunjajungu hana sumu; latufundisha kwamba watu walimtazama kwa makini, wakamtenga na panzi, wakampa nafasi yake peke yake.

Njia ya misafara

Kiswahili kilifika ukingo wa Tanganyika kwa miguu ya wapagazi na wafanyabiashara, katika njia itokayo Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Kutoka Ujiji kilipanda kwa mitumbwi hadi Rumonge, Uvira na pwani ambako baadaye, mwaka 1897, Wajerumani waliweka kituo chao cha Usumbura, ambacho leo ni Bujumbura. Wasafiri wa Ulaya walioandika habari za ziwa hili walisafiri katika njia hiyo hiyo, wakihudumiwa na watu wa misafara hiyo hiyo.

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Mwezi uliofuata, Speke akiwa katika safari ya kuvuka ziwa, alilala katika kisiwa kimoja usiku wa dhoruba. Alipowasha mshumaa ili apange vitu vyake, hema likajaa wadudu wadogo weusi wenye mabawa magumu, wa jamii ya mbawakawa. Mmoja wao akaingia sikioni mwake. Speke alimwaga siagi iliyoyeyushwa ndani ya sikio bila kufaulu, kisha akatumia ncha ya kisu. Mdudu alikufa, lakini sikio lilijeruhiwa, uso ukavimba, naye akawa kiziwi upande huo kwa muda mrefu; vipande vya yule mdudu viliendelea kutoka miezi kadhaa baadaye. Katika historia ya wadudu wa Tanganyika huyu ndiye mmoja wa waliosimuliwa sana, na hata hivyo hana jina. Aliandikwa kwa sababu ya maumivu aliyoyaleta, wala hakuna aliyemtambua.

Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Burton na Speke walifika Uvira, ng'ambo ya Bujumbura ya leo. Walitaka kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia. Jambo hilo liliendelea kubishaniwa Ulaya mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda kuutazama mto wenyewe na kuona kwamba wenyeji walisema kweli. Jiwe lililoko Mugere, mwendo mfupi kusini mwa Kibenga, ni kumbukumbu ya safari hiyo. Tumelitaja jambo hili la mto kwa kuwa lilijirudia katika habari za wadudu: mwenyeji alijua, mgeni akathibitisha, na kitabu kikamtaja mgeni.

Kuna pia kiumbe ambaye wenyeji wenyewe walimpokea akiwa mgeni, naye ni funza wa miguuni. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 alishushwa na meli iliyotoka Brazil katika bandari ya Ambriz, Angola, na kutoka hapo akatembea na nyayo za wapagazi na askari. Kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa amevuka bara zima na kufika pwani ya Afrika Mashariki. Kiswahili kilikuwa tayari na neno funza kwa ajili ya viluwiluwi vya nzi wanaoishi katika nyama iliyooza na katika matunda. Neno hilo likapewa mgeni huyu mpya. Kirundi humwita imvunja. Hapa twaona lugha ikifanya kazi yake ya kawaida: kiumbe kigeni hakusubiri kikao cha wataalamu ili apate jina. Alihitaji jina siku ile ile alipoingia katika kidole cha kwanza.

Papasi

Tuje sasa kwa kiumbe mdogo ambaye habari yake yatupa hoja iliyo wazi kuliko zote. Papasi hukaa katika udongo wa sakafu na nyufa za kuta za nyumba za udongo. Mchana hujificha. Usiku hutoka, huuma, hunywa damu kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Aliyeumwa huamka asubuhi asione kitu. Baada ya siku kadhaa hupata homa kali, ambayo huondoka na kurudi, huondoka na kurudi tena.

Livingstone alikwisha kuandika juu ya madhara ya kuumwa na kupe wa namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1857. Lakini waganga wa Ulaya walichelewa kukubali. Mwaka 1904, Uganda, Ross na Milne walionyesha uhusiano wa homa hiyo na papasi. Mwaka 1905 watafiti wawili wa chuo cha Liverpool, Dutton na Todd, walithibitisha jambo hilo hilo katika Kongo ya mashariki. Wote wawili waliupata ugonjwa waliokuwa wakiuchunguza, na Dutton alifariki tarehe 27 Februari 1905 huko Kasongo, katika nchi ya Manyema, akiwa na umri wa miaka 28. Mwaka huo huo Robert Koch alikuwa akichunguza papasi katika vibanda vya njia za misafara za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Aliona kwamba viini vya homa huingia hata katika mayai ya papasi, kwa hiyo watoto wake huzaliwa wakiwa na uwezo wa kuambukiza. Kijidudu cha homa hiyo kikaitwa kwa jina la Dutton, na papasi mwenyewe anaitwa Ornithodoros moubata.

Sasa tuangalie lugha. Kiswahili hakikuwahi kuchanganya papasi na kupe. Kupe hung'ang'ania ngozi ya ng'ombe au ya mbwa kwa siku nyingi, ana ngao ngumu mgongoni, na anaishi majanini. Papasi ana ngozi laini iliyokunjamana, hang'ang'anii, na anaishi ndani ya nyumba. Elimu ya viumbe nayo imewagawa katika jamaa mbili: wenye ngao na wasio na ngao. Mpaka uliowekwa na msemaji wa Kiswahili ambaye hakuwa na darubini umelingana na ule uliowekwa na mtaalamu aliyekuwa nayo. Lugha nyingi za Ulaya huwaita wote wawili kwa neno moja, kisha huongeza sifa ya "ngumu" au "laini". Mwanafunzi wetu anaposoma somo hili, yu mbele kwa hatua moja kabla hajafungua kitabu, ikiwa mwalimu wake atamwambia hivyo.

Ramani ya nzi

Mfano wa pili unatoka katika ugonjwa wa malale, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 uliua watu wengi sana kandokando ya Ziwa Viktoria na kisha ukaogopewa katika pwani ya Tanganyika pia. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake walikuwa Entebbe wakitafuta ni nani auletaye. Walimshuku nzi aumaye ambaye Waganda walimwita kivu, na ambaye Kiswahili kinamwita mbung'o. Lakini watu wachache wangewezaje kujua nzi huyo anakaa wapi katika nchi nzima? Waliomba msaada wa Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda. Kwa njia yake machifu, na pamoja nao wamisionari, walitakiwa kuwakamata nzi waumao mahali walipo na kuwatuma pamoja na habari za mahali hapo na za ugonjwa. Vifurushi vikamiminika. Walipoweka alama katika ramani, mahali penye kivu na mahali penye malale palilingana.

Ramani hiyo ni kazi ya maelfu ya macho. Isingewezekana kama mkulima wa kijijini asingeweza kumtenga kivu na nzi wengine. Jina alilokuwa nalo lilikuwa chombo cha utafiti kilichokuwepo tayari, nacho hakikugharimu kitu. Hata neno tsetse, linalotumiwa leo na wataalamu wa dunia nzima, ni la Kiafrika. Lilichukuliwa kutoka Kisetswana.

Pwani yetu ya Imbo ilipata upande mwingine wa habari hiyo. Wajerumani walipoanza kupambana na malale kandokando ya Tanganyika, waliweka kambi za wagonjwa, wakafyeka vichaka vya ufukoni na vya kingo za mito ambamo mbung'o hupenda kivuli, na wakawaajiri wenyeji waliopita vijijini wakipapasa shingo za watu ili kutafuta tezi zilizovimba. Dawa iliyotumiwa wakati huo, atoxyl, iliweza kumpofusha mgonjwa. Watu wengine waliikimbia kambi, na wengine walilazimishwa kuacha makazi yao ya ufukoni. Nzi yule yule, elimu ile ile; lakini Entebbe watu waliulizwa wanachokijua, na huku waliamrishwa. Mwalimu wa historia hatakosa kuona tofauti hiyo.

Nyoka wawili wa ziwa

Tukifika kwa nyoka, hatari ya jina lisilotosha huwa kubwa zaidi. Ndani ya Ziwa Tanganyika wamo nyoka wawili ambao wavuvi huwaona mara kwa mara. Wa kwanza ni swila wa majini. Hupita urefu wa mita 2, rangi yake ni ya kahawia, na shingoni ana mistari myeusi iliyomzunguka kama pete. Chakula chake ni samaki. Hukaa katikati ya mawe ya ufukoni, huzama kina kirefu na kukaa chini ya maji dakika nyingi. Ana sumu kali, ingawa tabia yake ni ya upole na watu walioumwa naye ni wachache. Wa pili ni mdogo, hukaribia sentimeta 60, hutoka usiku kuwinda samaki, na hana sumu ya kumdhuru mtu. Hapatikani mahali pengine popote duniani ila katika ziwa hili.

Wanasayansi waliwatambuaje? Yule mdogo aliandikwa na Günther wa London mwaka 1893, kutoka katika mkusanyo wa Edward Coode Hore, mmisionari na nahodha aliyeishi Ujiji na kwingineko ziwani. Leo anaitwa Lycodonomorphus bicolor. Yule swila aliandikwa mwaka 1886 na Dollo wa Brussels, kutoka katika mkusanyo wa Kapteni Émile Storms, Mbelgiji aliyejenga kituo cha Mpala katika pwani ya magharibi mwaka 1883. Dollo akampa nyoka huyo jina la stormsi. Tangu hapo wataalamu wamembadilishia ukoo. Mwaka 2007 alirudishwa pamoja na swila wengine, na sasa ni Naja annulata stormsi. Lakini jina la Kapteni limebaki, kwa kuwa sheria ya elimu hiyo hulilinda jina lililotangulia kuchapishwa.

Ni vema wasomaji wetu wajue huyo Storms alikuwa nani. Mwezi wa Desemba 1884 watu wake wenye silaha walimshambulia Lusinga, mtawala wa Watabwa aliyeshindana naye, wakamwua na kumkata kichwa. Fuvu la Lusinga lilipelekwa Ubelgiji na kuwekwa katika makusanyo ya Brussels. Hivyo basi, kila mara tunapomtaja swila wa ziwa letu kwa jina lake la kitaalamu twamtaja mtu huyo. Hatusemi jina libadilishwe. Hilo si la chama cha walimu kuamua. Tunasema kwamba jina la kitaalamu linatueleza zaidi habari za aliyekusanya kuliko za nyoka mwenyewe. Halisemi kwamba ana pete shingoni, wala kwamba hula samaki, wala kwamba mvuvi asimshike kwa mkono anapomkuta wavuni.

Je, Kiswahili kinasema? Katika kamusi zetu za kawaida nyoka hawa wawili hawana majina yao pekee. Wote huishia kuitwa "nyoka wa maji". Mmoja aweza kuua, mwingine hawezi, nasi tumewatia katika kapu moja. Matokeo yake ni ya namna mbili. Ama mtu huwaua wote, akimaliza kiumbe asiye na hatia ambaye dunia haina mwingine. Ama mtoto aliyezoea kumchezea yule mdogo humshika yule mkubwa.

Nchi kavu nako kuna tatizo la kinyume, yaani majina mengi kwa nyoka mmoja. Yule mfupi, mnene, mwenye alama mgongoni kama mishale iliyofuatana, alalaye njiani bila kujisogeza na kutoa pumzi kwa sauti kubwa anapokaribiwa, huitwa kifutu, moma, au bafe, kulingana na mahali. Swila huitwa pia fira. Koboko kwa wengine ni nyoka mmoja mahususi na kwa wengine ni nyoka yeyote mrefu mweusi. Wingi huo wa majina ni utajiri wa lugha, ila katika zahanati waweza kuwa hasara. Sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama mahali palipoumwa. Sumu ya swila wengi hulegeza kope na misuli, hata kuzuia pumzi. Mganga anayesikia neno analolijua pamoja na maelezo aliyoyazoea hujua mapema ajiandae kwa lipi.

Buibui aliyesahauliwa

Buibui amepata bahati ndogo katika lugha yetu. Ukiacha vazi jeusi linaloitwa kwa jina lake, Kiswahili sanifu kina neno hilo moja tu kwa viumbe wa maumbo na tabia mbalimbali. Labda ni kwa sababu buibui wengi mno hawana madhara kwa mtu, na lugha, kama tulivyoona katika methali, huhesabu kwanza kiumacho.

Hata hivyo buibui naye ana habari ya kufundishia. Kandokando ya Ziwa Viktoria, katika nchi za Kenya na Uganda, yupo buibui mdogo arukaye, akaaye ndani na karibu na nyumba za watu. Aliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003 kwa jina la Evarcha culicivora, maana yake mla mbu. Watafiti waliofanya kazi Mbita, katika kituo cha ICIPE, taasisi iliyoanzishwa na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970, walionyesha kwamba buibui huyu humpendelea mbu jike aliyekwisha kunywa damu, hasa yule aletaye malaria. Alikaa katika kuta za watu muda wote huo, akifanya kazi ya manufaa bila jina. Ni nani ajuaye ni wangapi kama yeye wanaofagiliwa kila asubuhi katika nyumba za Kibenga?

Kazi ya mwalimu

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikapata nafasi katika shule zetu. Hatuna budi kulifanya somo hili liwe na manufaa nje ya darasa. Twapendekeza zoezi ambalo halihitaji fedha. Mwalimu awatume wanafunzi kuuliza nyumbani jina la kiumbe mmoja, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kisha waandike maelezo ya kumtambulisha. Wasimguse kiumbe wala wasimwue. Watazame kwa mbali au waulize wanaomjua. Maswali ni haya: Ana miguu mingapi, au hana? Umbo lake ni fupi na nene, au refu na jembamba? Ana alama gani, na mahali gani mwilini? Anaonekana wapi, na wakati gani? Hufanya nini anapokaribiwa? Hula nini? Rangi iandikwe mwisho, maana rangi hudanganya. Nyoka wa kijani asiye na sumu na nyoka wa kijani mwenye sumu wapo wote katika Afrika yetu ya Mashariki.

Kutokana na majibu hayo mwanafunzi aweza kuandika tafsiri ya neno iliyo bora kuliko "aina ya nyoka". Kwa mfano: "Kifutu: nyoka mfupi mnene, mwenye kichwa kipana na alama za mishale mgongoni, hulala bila kujisogeza na hutoa pumzi kwa sauti anapokaribiwa, sumu yake huvimbisha na kuozesha." Sentensi moja kama hiyo ni zoezi la sarufi, la insha na la afya kwa pamoja. Hapo hapo mwalimu apate nafasi ya kukumbusha kwamba nyoka, buibui, nge na tandu, japo maumbo yao ya nomino hayana m- wala wa-, huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai: nyoka ameingia, buibui wametanda.

Kadhalika haifai kumfundisha mtoto jina la nyoka bila kumfundisha la kufanya akiumwa. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, linakisia kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa sababu hiyo. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kilichoumwa kisisogezwe, pete na bangili zivuliwe, naye apelekwe hospitali bila kuchelewa. Jeraha lisichanjwe wala lisinyonywe, na kiungo kisifungwe kwa kamba ya kukaza. Lile jiwe jeusi linalotumiwa mahali pengi Afrika ya Kati halitoi sumu, linapoteza muda. Wala mtu asimfuate nyoka ili amwue na kumleta hospitali. Apeleke maelezo. Na maelezo hayo hutolewa kwa maneno ambayo mtu alifundishwa kabla ya siku hiyo.

Tamati

Wahenga walisema kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hofu hiyo ni ya kawaida, lakini si lazima iwe ndiyo elimu yetu yote. Tumeona kwamba papasi alitengwa na kupe katika Kiswahili bila msaada wa maabara. Kwamba ramani ya mbung'o ilichorwa kwa macho ya wanavijiji waliokuwa na jina la nzi wao. Na kwamba nyoka wa ziwa letu amebeba jina la kapteni, ilhali katika kamusi zetu hana jina linalomlinda mtu wala linalomlinda yeye mwenyewe.

Wazee na wavuvi wa pwani ya Imbo wanayo majina ambayo hayajaandikwa. Kila mwaka baadhi yao wanakwenda nayo. Twawaomba walimu wenzetu, wa Bujumbura na wa kwingineko, wayaandike pamoja na maelezo yake na kuyaleta katika kurasa hizi, ili kamusi zijazo zipate la kusema zaidi ya "aina ya mdudu".